Kisu Katika Kopo la Mawese

Baba alikuwa na sanduku jeupe lenye miguu minne, na mimi nililichukia kabla sijajua kazi yake. Lilisimama katikati ya kiwanja chetu kule Panda, mtaa wa Likasi, mahali ambapo majirani wote waliweka kamba ya nguo au banda la kuku. Kuta zake zilikuwa za mbao nyembamba zilizopangwa kwa mteremko, ili upepo uingie na jua lisiingie, na ndani yake mlikuwa na vipimajoto viwili: kimoja cha kusomwa mchana kwenye joto, kingine cha kusomwa alfajiri kwenye baridi. Ilikuwa marufuku kulikaribia na mbabula, jiko letu la makaa. Marufuku kuanika shuka upande wake. Mama alikuwa akisema amelea watoto sita na sanduku moja, na aliyepata malezi mazuri ni sanduku.

Kazi hiyo ya kupima joto baba aliianzia kiwanda cha shaba akiwa kijana. Kampuni ilitaka kujua mvua na joto la kila siku kwa sababu zake yenyewe, na katika kona ya uwanja wake kule kilimani, mbali na matanuri, palikuwa na sanduku la namna hiyo. King'ora cha zamu kililia saa kumi na mbili asubuhi, na kabla hakijanyamaza baba alikuwa amekwisha kusoma na kuandika kwenye daftari lake. Siku aliyomzika baba yake alimwomba mwenzake wa kazi amsomee. Nyingine yoyote hakukosa. Mtu wa aina hiyo akiwa baba yako, huna pa kujificha.

Wasioijua Likasi hudhani Kongo yote ni jasho na mito. Sisi tuko juu. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane tulikuwa na baridi ya kweli, siyo ya kuazima. Mabondeni nyasi ziliamka nyeupe kwa umande ulioganda. Tulikwenda shule mikono ikiwa kwapani, na mwalimu aliruhusu tuandike tukiwa tumevaa soksi mikononi. Nayasema haya kwa sababu wajukuu zangu wakisikia hunicheka, wanadhani ni hadithi za bibi.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba, kiwanda kilikuwa kimeanza kufa. Baba alihamishiwa Kakanda, akawa anarudi nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili baada ya misa. Alijua kwamba uwanja wa kampuni ungefungwa siku moja, na sanduku lake lingebaki ndani. Basi akatengeneza jingine kwa mikono yake, kipimo kwa kipimo, akalipaka chokaa na kulisimamisha kwetu. Mwenzake angeendelea kusoma lile la kiwandani. Mimi, mtoto wa kwanza, ningesoma la nyumbani.

"Hii masanduku mbili inafaa isalimiane kwanza, mbele ya moya kufa," aliniambia. "Bilima ya kule na kiwanja ya hapa haiko sawa. Tukisoma yote mbili miaka tatu, tutajua tofauti yao. Halafu hata kule bakifunga mulango, kazi yangu haitakatika. Unasikia?"

Nilisikia. Niliona fahari, hata. Miezi yote ya mvua nilisoma kama mtoto wa kanisani, asubuhi na mchana.

Kisha ukaja mwezi wa sita.

Tulikuwa wasichana watatu katika kitanda kimoja na blanketi moja. Kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: anayetoka kitandani anapoteza nafasi ya katikati. Ukirudi unakuta mwenzako amekwisha kuingia pale penye joto, na wewe unabaki pembeni, mgongo nje. King'ora kikilia, mimi ndiye niliyetakiwa kutoka. Siku ya kwanza nilitoka. Siku ya pili nilitoka huku nalia. Siku ya tatu nikapata akili, na akili hiyo imenigharimu mpaka leo.

Mama alikuwa na desturi yake. Mafuta ya mawese, yale mekundu yanayotoka Kasai, aliyaweka katika kopo kubwa la maziwa ya unga kwenye dirisha la jiko, na jiko letu lilikuwa nje, dirisha bila kioo. Majira ya baridi mafuta huganda. Kwa hiyo jioni, yakiwa bado laini, alichomeka kisu humo, ili asubuhi apate pa kuanzia kuchimba. Baridi ikiwa ndogo, kisu kililala. Ikizidi kidogo, kiliegemea ukingo. Ikizidi tena, kilisimama wima katikati peke yake. Na zile asubuhi za kutisha, mama alishika mpini, akainua, na kopo zima likafuata.

Mama aliamka kabla ya king'ora ili awashe mbabula na kupasha maharage ya jana. Nami kutoka chini ya blanketi, katikati kabisa, nilipaza sauti:

"Mama, kisu iko namna gani?"

"Leo inainua kopo yote! Lamukeni, bantu ya usingizi!"

Alidhani nauliza kwa njaa. Mimi nilikuwa nasoma joto. Kuinua kopo niliandika digrii sita. Kusimama, nane. Kuegemea, kumi. Kulala, kumi na mbili. Penseli niliiweka chini ya mto. Jumamosi baba alirudi, akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu ya namba, akanipapasa kichwa. Namba za mchana nilizisoma kweli, naapa, mchana hakukuwa na baridi. Lakini asubuhi za majira matatu ya baridi nilizitunga nikiwa nimelala. Kisha nikaolewa, baba akarudi kutoka Kakanda, akaanza kulisoma sanduku lake mwenyewe, na mimi nikasahau. Waswahili husema njia ya mwongo fupi. Yangu ilikwenda zaidi ya miaka thelathini bila kukutana na mtu.

Nilirudi nyumba ile nikiwa mjane na cherehani yangu. Mama alikuwa amekwisha kufa. Macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu, hakuweza tena kuona mistari midogo ya kipimajoto, na hivyo nikawa msomaji wake kwa mara ya pili. Safari hii nilisoma kwa haki. Sikuwa na sababu ya kufanya vingine, kwa maana asubuhi za baridi zilikuwa zimegeuka asubuhi za kawaida tu. Nilikuwa natoka na kanga moja mabegani.

Mtaani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni Mungu, wengine migodi, wengine miti iliyogeuzwa makaa. Baba hakubishana na yeyote. "Mungoje," alisema, "iko ndani ya kaye." Madaftari yake, pamoja na yale ya mwenzake wa kiwandani, yalijaa sanduku la bati chini ya kitanda. Alichotaka ni kimoja: kabla hajafa, mtu aliyesoma ayafungue yote na kumwambia baridi ya Likasi imepungua kiasi gani. Namba moja tu. Alikuwa akiisema kama mtu anayengoja barua.

Mtu huyo alikuja mwaka juzi, mwezi wa kumi. Alikuwa msichana mwanafunzi kutoka Lubumbashi, mwembamba, mwenye adabu, aliyesikia parokiani kwamba Panda kuna mzee mwenye sanduku jeupe. Joto la mwezi ule lilikuwa la kutia hasira. Moyo wa baba ulikuwa umechoka, na daktari alikuwa ameniagiza nisimwache apate joto, maneno rahisi kwa mtu mwenye koti jeupe. Feni tulikuwa nayo. Umeme ndio hatukuwa nao. Nilimlaza barazani kwenye mkeka, nikawa nalowesha kitambaa na kumwekea kifuani, na kitambaa kilikauka kabla sijamaliza kushona pindo moja. Sikuwa na dawa nyingine. Nilikaa pale na beseni langu, nikiona mbavu za baba yangu zikipanda na kushuka, na nilijiona mjinga na mikono yangu miwili.

Lakini msichana alipokuja, mzee aliketi wima. Alimtajia kila daftari kwa mwaka wake. Msichana alipiga picha kurasa zote kwa simu, siku mbili nzima, akaondoka na taxi-bus akiahidi kurudi. Baba hakulala mchana wiki ile. Aliniambia nimnyoe.

Msichana alirudi baada ya wiki tatu. Aliketi nami jikoni, akafungua karatasi zake, na nilipoona mwandiko wangu wa usichana nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Mama, pardon, iko kintu moya sielewi muzuri," alisema. "Hii miaka tatu, asubui za baridi ziko na namba ine tu. Sita, munane, kumi, kumi na mbili. Hakuna saba. Hakuna tisa. Kipimajoto ilikuwa mubaya?"

Alinifungulia mlango, maskini, bila kujua. Nami nikapita.

"Labda," nilisema. "Labda ilikuwa mubaya."

Sauti ikatoka barazani. Macho ya baba yalikuwa yamekufa nusu, lakini masikio yalibaki yale yale ya mtu wa king'ora.

"Nani anasema kipimajoto yangu ilikuwa mubaya? Minye mwenyewe nilikuwa ninaipima na ile ya kiwanda kila mwaka! Haikukosa hata siku moya!"

Msichana alinitazama. Ningeweza kumwacha mzee abishane na kipimajoto chake mpaka kaburini. Nilifikiria kufanya hivyo, sifichi. Kisha nikaenda barazani, nikapiga magoti kando ya mkeka, na miaka yangu zaidi ya hamsini, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Papa, haikuwa kipimajoto. Ilikuwa minye."

Nikamweleza yote: blanketi, nafasi ya katikati, kopo, kisu. Alisikiliza uso ukiwa umeelekea ukutani.

"Miaka yote tatu?"

"Asubui za baridi tu, papa. Za muchana nilisoma kweli."

"Na mama yako alijua?"

"Hapana. Alikuwa anafikiri ninasikia njala."

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Msichana ndiye aliyenieleza, polepole, kosa langu limefanya nini, na kwa kuwa mimi ni fundi wa nguo nilielewa haraka kuliko alivyotarajia. Madaftari ya kiwandani ni kitambaa kimoja. Madaftari ya nyumbani ni kitambaa kingine. Ile miaka mitatu ndiyo ilikuwa mshono. Za mchana zinashonana vizuri. Asubuhi za baridi, zile zile ambazo mzee alitaka kuulizia, hazina uzi. Baridi imepungua, hilo linaonekana, lakini nani ataapa kwamba ni mbingu iliyobadilika na siyo tu usomaji uliotoka sanduku la kilimani ukaja la kwetu? Namba ya baba haikuwepo. Nilikuwa nimeilalia.

Baba hakuigusa chai yake mpaka ikapoa. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Ile kisu iko?"

Kilikuwepo. Kimeliwa na kunolewa, lakini kisu ni kile kile.

"Basi, ulikuwa na kipimo," alisema. "Kipimo mubaya, lakini kipimo. Na kipimo yote inaweza kupimwa na ingine. Mwezi wa sita utaweka mafuta ya Kasai ndani ya kopo, kwa dirisha, sawa vile mama yako alikuwa anaweka. Saa kumi na mbili utaangalia kisu, na palepale utasoma kipimajoto. Siku kisu itasimama, tutajua munane yako ilikuwa ngapi. Siku itainua kopo, tutajua sita yako. Halafu huyu mutoto atashona."

Msichana alisema taratibu kwamba mafuta hayafanani, kwamba kopo moja si jingine, kwamba angejaribu lakini hawezi kuahidi. Baba alimpungia mkono.

"Mutaniacha ningoje baridi," alisema. "Minye nitangoja."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na kazi moja duniani: kumfikisha baba mwezi wa sita. Mvua zilichelewa, kisha zikaja kwa hasira na kubomoa choo cha jirani. Alipungua. Bukari, ugali wetu, aliacha, akabaki na uji. Lakini alikuwa akihesabu miezi kwa vidole, na mimi nilitafuta mafuta na kopo sokoni kama mtu anayetafuta dawa, nikimuuliza kila mwanamke yametoka wapi, mpaka wakaniita Mama Kopo. Nililipata kopo kubwa la maziwa ya unga. Nilichomeka kisu jioni ya kwanza ya mwezi wa sita, mikono ikinukia utoto wangu.

King'ora hakipo siku hizi, simu ndiyo huniamsha. Nilikuwa na kitanda kizima peke yangu, hakuna katikati ya kupoteza. Nilitoka miguu peku. Kisu kiliegemea ukingo kwa uvivu, na kipimajoto kilisema kumi na tatu.

"Kisu?" baba aliita kutoka chumbani.

"Imeegemea, papa."

"Andika."

Ikawa hivyo kila siku. Imeegemea. Imelala. Imeegemea. Nilijifunza kwamba ile kumi yangu ya zamani huenda ilikuwa kumi na mbili au kumi na tatu, na hilo msichana alilipokea kwenye simu kwa furaha ya heshima. Lakini kurasa zangu za uongo hazikujaa kuegemea. Zilijaa kusimama, na kuinua kopo. Hizo ndizo nilizohitaji, na hizo hazikuja. Asubuhi moja upepo ulivuma kutoka kusini usiku kucha, na nilipofika dirishani kisu kilikuwa wima. Nilishika mdomo. Nikahesabu moja, mbili, tatu, na kwenye nne kikainama polepole mpaka kikagusa ukingo. Nililia jikoni, mwanamke mzima, kwa sababu ya kisu.

Jirani yetu ana friji, na wiki hiyo alikuwa na umeme. Nililiwaza, kwa nini nisiseme. Saa mbili tu ndani ya friji na kisu kingesimama kama askari. Kisha nikajicheka. Ningekuwa nimesema uongo ule ule, safari hii kwa umeme.

Majuto ni mjukuu, husemwa, huja baadaye. Hakuna aliyeniambia kwamba unaweza kujuta, ukaungama, ukapewa njia ya kutengeneza, na kile cha kutengenezea kikawa kimeondoka duniani. Niliiba asubuhi za baridi kwa sababu zilikuwa nyingi. Nilidhani ni kama maji ya mto. Sasa nilisimama dirishani miezi miwili nikiomba moja tu, moja, hata ya kuniua, na zilikuja asubuhi za vumbi na jua jepesi, na majogoo ya watu.

Mwishoni mwa mwezi wa saba padri alimpaka baba mafuta ya wagonjwa. Dada zangu walikuja kukaa naye kwa zamu. Mimi niliendelea na kopo, maana hakuniruhusu kuacha.

Asubuhi ya mwisho ya mwezi niliamka kabla ya simu. Kisu kilikuwa kimelala kabisa, mpini umezama nusu kwenye mafuta. Kipimajoto kilisema kumi na nne. Nilipoingia chumbani nilimkuta baba akitetemeka chini ya mablanketi mawili, meno yakigongana, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ile aliyoniambia nimnyoe.

"Imekuja," alisema. "Unasikia? Leo baridi iko mukali sawa zamani. Leo kisu imesimama, si vile?"

Niligusa mkono wake. Ulikuwa baridi kama maji ya kisima. Madirisha yalikuwa wazi na mimi nilikuwa na kanga moja tu, na sikuona baridi. Hakuweza kuona kopo. Hakuweza kuona daftari. Neno moja tu alilitaka kwangu, na nilikuwa na mazoea nalo.

"Imelala, papa," nilisema.

Furaha ilitoka usoni mwake taratibu, na mimi niliitazama ikitoka.

"Ngapi?"

"Kumi na ine."

"Andika vile."

Niliandika mbele yake, penseli ikikwaruza ili aisikie. Kisha nikaenda kuchukua blanketi langu, ambalo mwaka ule sikuwa nimelikunjua hata mara moja, nikamwongezea.